Sungura Vibete na Mlango wa Bibi Harusi

Bofu, Likoni
12 Oktoba 2024

Kwa mke wangu mkuu, Bi Mwanaima,

Assalaam alaykum. Nakushika miguu, na mkono nimeubusu kutoka huku huku. Mumeo mzima, afya tele, uso unazidi kupendeza mpaka naogopa kujitazama. Ammi Stambuli hajambo na watoto wake hawajambo. Jirani yetu Jumwa hajambo, barafu yake yauzika, na sinia lako bado hajalirudisha. Nataraji dada yako Bi Alawiya mguu wake umeanza kukanyaga. Mwambie nimemwazima mke, sikumuuzia. Miezi minne sasa mume mzima najikaangia mayai. Warudi lini?

Nakuandikia kwa sababu nimekupigia simu mara mbili, na mara zote mbili umesema "Halo, nani?" mpaka salio likaisha. Masikio yako na simu hayapatani tena, na maandishi ya simu wasema ni ya mchwa. Basi Samah, yule anayechukua kofia Lamu kuja kuuza hapa, amekubali kuwa tarishi wetu. Mwaminifu, ila mdomo wake hauna kitasa.

Sasa kaa kitako, nikupe habari za biashara. Wale sungura vibete wawili alionipa mama wa Mkomani niliyekuwa namkatia majani, siku aliyohama, unawakumbuka? Dume ni Kapteni, jike ni Halua. Kapteni hata sasa ukimweka ndani ya bakuli la uji anaenea, na nafasi ya uji inabaki. Watu wa ghorofani hawawezi mbwa, na paka anawararulia makochi. Wanataka kitu kidogo, kisicho na kelele, cha kupigwa picha na watoto. Hapo ndipo mumeo alipoingia. Wenzangu walibaki shule, mimi nikatoka kidato cha pili, na leo wao ndio wananiuliza mimi mambo yanakwendaje.

Banda nimelijenga kwa mbao za paleti na waya, miguu yake nimeitia ndani ya makopo yenye mafuta, siafu wasipande. Juu nimeezeka makuti tabaka mbili. Joto hili la kwetu laua sungura kuliko paka, kwa hivyo kila adhuhuri nachukua kwa Jumwa chupa za maji yaliyoganda, nawawekea ndani. Wanajilaza ubavu wakizikumbatia kama watalii. Halua ameshazaa mara kadhaa. Watoto wazima, wanono, wanagombaniwa. Mashaallah nyingi, tusiwatie kijicho.

Ammi alikuja Ijumaa baada ya swala na futi ya fundi mkononi. Akapima kiwanja chako kutoka kwenye tangi la maji mpaka ukutani. Nikamuuliza:

"Ammi, wapima kaburi la nani?"

"La sungura zako," akanijibu, akacheka peke yake.

Nakukumbusha maneno yako siku ulipokuwa wapanda basi, mimi kulia kwako, ammi kushoto. Ulisema mpaka Ramadhani. Biashara ya sungura ikisimama, kiwanja changu. Isiposimama, ammi ajenge vyumba vya kupangisha. Nimeyahifadhi maneno hayo kuliko juzuu zote alizonisomesha Ustadh Luqman.

Mimi mumeo, kijana kuliko waume wote uliopata kuwa nao,
Mahir


Lamu
3 Novemba 2024

Kwa Mahir,

Wa alaykum salaam. Barua imefika, imelowa pembeni. Samah asema ni jasho la safari, mimi nasema ni samaki. Sijambo. Alawiya hajambo kabisa, yuatembea mpaka sokoni, yuagombana na wauza ndizi, yuarudi. Nisalimia Stambuli na watoto.

Sinia si langu, ni la Jumwa. Mimi ndiye niliyeliazima. Langu liko juu ya kabati. Mrudishie mwenyewe lake na umuombe radhi kwa ulimi huo huo uliomsemea.

Umeniandikia mengi. Nimesoma yote, nikarudia, nikitafuta ni wangapi waliokufa. Sikuona. Mnyama akizaa kuna anayekufa, hata mwanadamu. Nieleze.

Stambuli naye kanitumia salamu kwa kinywa cha Samah. Asema bandani mwako kuna sungura aliyeketi kama paka wa msikitini. Kibete wa namna gani huyo?

Waniuliza narudi lini. Mguu wa Alawiya umepona, hilo silikatai. Lakini nina shughuli huku. Ikiisha ntakwambia. Na usimuulize Samah.

Huo uso upunguze kupendeza, nikija ntashindwa kukujua.

Nyanyako,
Mwanaima binti Salem


Bofu
30 Novemba 2024

Kwa mke wangu mwenye shughuli,

Nakushika miguu yote miwili. Huku sote tu salama. Mvua za vuli zimenyesha kidogo, nyasi zimeota nyuma ya choo, chakula cha sungura kimekuwa bure. Ammi siku hizi namwona nyumbani hata mchana wa Jumatatu, ameketi barazani na futi yake. Pengine godauni la Changamwe anakofanya kazi limempa likizo. Sikumuuliza.

Sinia nimelirudisha. Jumwa alishika kichwa. Kumbe alikuwa ameshamshuku msichana aliyekuwa akimfulia nguo, na msichana ameshaondoka. Umevunja kazi ya mtu, mke wangu, nawe umekaa zako Lamu unakula mkate wa mofa.

Ama waliokufa, nyanya, mbona una haraka ya matanga? Hilo tuliweke. Nikueleze kuhusu paka wa msikitini.

Mwezi wa saba nilimuuzia Quinter, mama mwingine wa Mkomani anayekaa ghorofa ya tatu, mtoto mmoja wa sungura. Ilikuwa zawadi ya bintiye. Nikamwapia, wallahi, huyu hapiti ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Msichana akampa jina la Pipi. Mwezi uliopita Quinter akaja mpaka hapa Bofu kwa teksi, amembeba Pipi ndani ya kapu la nguo za kufua, na kapu limejaa.

"Mahir, hii ni nini?"

"Ni Pipi, mama."

"Hii si Pipi. Hii ni mbuzi. Imekula waya wa televisheni na pembe ya zulia!"

"Maana yake umemlisha vizuri. Hongera."

"Uliniambia nazi!"

"Nazi nazo, mama, haziwi sawa zote."

Ammi alikuwa amesimama penye tangi, mikono mgongoni, anasikiliza kama anayesikiliza mpira redioni. Nikampa Quinter mwingine mdogo, nikambakisha Pipi. Akanishika kifua cha shati akaniambia, "Na huyu naye akikua, nakuletea na zulia ulilipe." Nikamsindikiza kwenye teksi kwa heshima zote. Alipoondoka ammi akasema, "Biashara yako imesimama kweli. Imesimama kwa miguu minne, haitaki kutoka." Ammi akipata mzaha mmoja huutumia mwaka mzima, utauona ukija.

Ni huyo mmoja tu, nyanya. Bahati mbaya ya siku moja.

Sasa na mimi nikuulize. Shughuli gani hiyo isiyo na jina?

Mumeo asiyeficha kitu,
Mahir


Lamu
19 Desemba 2024

Mahir,

Salamu nyingi. Sote wazima. Kusi imeondoka, kaskazi imeingia, mbu wamezidi.

Samah alipokuja kwako kuchukua barua alitembea mpaka bandani. Mato anayo. Asema wakubwa aliowaona ni saba. Wewe umeniandikia mmoja. Hao sita umewatia wapi, chini ya kitanda changu?

Sikutaka kujua wangapi wakubwa wala wangapi wadogo. Niliuliza waliokufa, ukanipa nazi na zulia. Nimecheka, kweli. Kisha nikakaa nikaona sikujibiwa.

Ramadhani ni mwanzo wa Machi. Stambuli hajaniletea hata neno moja la kunisukuma, na hilo lanitia wasiwasi kuliko angenisukuma.

Fungua sanduku langu la mvule, ufunguo uko ndani ya birika bovu. Chini kabisa kuna leso mbili mpya, doti nzima, na chupa ya marashi iliyofungwa kitambaa, na udi. Mpe Samah aniletee. Usiulize za nini.

Mwanaima


Bofu
11 Januari 2025

Kwa Bi Mwanaima mwenye leso mpya,

Assalaam alaykum, na miguu naishika, ingawa leo naishika kwa hasira kidogo. Ammi hajambo. Watoto wa ammi wawili wamerudishwa nyumbani na shule kufuata karo, watarudi wiki ijayo inshallah. Jumwa anakusalimu. Joto limepanda, chupa za barafu sasa ni asubuhi na adhuhuri.

Ulikosea hesabu, mke wangu. Si saba, ni wanane. Wa nane alikuwa chini ya kitanda chako kweli. Amekula ukingo wa mkeka, nao haukuwa mpya.

Haya, waliokufa. Kila Halua akizaa kuna mmoja, pengine wawili, anayetoka kama kidole gumba, kichwa kikubwa, nyuma kama hakumalizwa. Hanyonyi. Anaishi siku mbili tatu, asubuhi namkuta amekauka ndani ya manyoya ya mamake, mamake mwenyewe amemsukuma kando. Nimewazika nyuma ya choo. Sikumwambia mtu, kwa sababu mtu aliyeapa kwamba wote wazima hawezi kuanza kuchimba hadharani. Jumwa alinikuta siku moja, akasema hilo ni jicho, nifunge uzi mweusi mlangoni mwa banda. Nikaufunga. Kapteni akaula.

Mwisho nilikwenda kwa daktari wa mifugo, kijana tu, viatu vya mpira. Akaniuliza, "Mama ni kibete na baba ni kibete?" Nikamwambia ndiyo, kwa majivuno, hiyo ndiyo sifa ya duka langu. Akasema hiyo ndiyo ila yake. Ule udogo, mtoto akiurithi upande mmoja, anakuwa kibete mzuri wa kuuza. Akiurithi kwa mama na kwa baba, hakai. Asipourithi kabisa, anakuwa Pipi. Ningempandishia Kapteni jike kubwa, lililozaliwa na hao hao vibete, wale wa kufa wasingezaliwa. Nami majike makubwa nimekuwa nikiyaona hasara, yananila majani tu.

Justus, mwenye hoteli ya madereva wa malori kule Miritini, anawataka wakubwa wote, wa kukaanga. Alikuja na gunia. Nikamwambia aje wiki ijayo. Akaja, nikamwambia wiki ijayo. Usidhani ni huruma, mimi mfanyabiashara. Gunia lake lilikuwa chafu, basi.

Sasa zamu yangu. Leso, marashi, udi. Nikamkalisha Samah, nikamfungulia soda baridi, na hata nusu hakufika, ameshalitaja jina. Fundi Bassam wa Langoni! Mtengeneza redio! Nyanya, wewe honi ya feri ya Likoni ikilia pua kwa pua huisikii, na katika waume wote wa Lamu umemwona fundi wa redio? Mtaongea nini? Yeye atawasha, wewe utauliza "Halo, nani?"

Nakwambia mapema, talaka sijaandika. Sina kalamu.

Na kiwanja? Mke akihama, neno lake linabaki na nani? Biashara haijasimama, sitakudanganya tena, imepiga magoti. Lakini sasa nimejua pa kuishika. Naomba muda mpaka Halua, si Halua, mpaka Pipi azae. Ammi anajua kama unaolewa? Ananitazama tu, haulizi kitu.

Mahir


Lamu
29 Januari 2025

Kwa mume wangu Mahir,

Wa alaykum salaam. Leso zimefika, na marashi, na udi umepungua. Samah asema ni kawaida ya udi.

Ni kweli. Bassam ni mtu mzuri. Hasemi sana, na akisema huandika kwenye kikaratasi, kwa hivyo tumepatana. Mkewe alikufa miaka mingi. Alikuja kwa Alawiya kutengeneza feni, akarudi kuitazama feni, akarudi tena, feni nayo haina kitu. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaandika ulivyoandika. Nimewasomea wenzangu ile ya "Halo, nani", Alawiya kacheka mpaka mguu ukamuuma upya.

Akdi ni Ijumaa ya tarehe ishirini na moja Februari, baada ya alasiri. Sitarudi Bofu kukaa. Nilitaka nikwambie kwa mdomo, lakini jibu lako nisingelisikia.

Stambuli nimemwandikia leo hii hii.

Sasa nisikize vizuri. Neno langu la siku ile nilimpa Stambuli kama nilivyokupa wewe. Ramadhani i mlangoni na biashara yako, kwa kinywa chako, imepiga magoti. Mwezi mmoja mbele siwezi kukuongeza, maana ntakuwa nimemvunjia yeye. Yeye ni mwanangu na wewe ni mtoto wa mwanangu. Siwezi.

Lakini iko ada ya nyumba yetu, labda huijui, maana miaka mingi hapakuolewa nyanya wa mtu. Mwanamke mkubwa akiolewa, mjukuu wake wa kiume, yule anayemwita mume, huketi kizingitini. Bwana harusi hapiti mpaka mumewe yule wa utani aridhike. Huomba kitu kimoja, kwa watu wa bibi harusi, mbele za watu. Ajibuye si bibi harusi, yeye yuko ndani. Ajibuye ni mwanawe mkubwa. Na hana ruhusa ya kukataa. Husema "nimetoa", na likisemwa limekwisha, hapaulizwi tena siku zote za maisha. Nyanya yangu alipoolewa mara ya pili, ndugu yangu aliomba mnazi, na wajukuu zake wauza madafu yake mpaka leo.

Umenifahamu? Mlangoni hapaulizwi biashara imesimama au imelala.

Njoo na Stambuli. Uvae kanzu ile nyeupe, si ile yenye doa. Na ukiketi pale, ufunge mizaha yako kitambaani kwa dakika moja tu, uombe kama mtu mzima.

Mkeo kwa siku zilizobaki,
Mwanaima


Lamu
5 Machi 2025

Mahir,

Ramadhani karim. Sijambo, na Bassam hajambo, twafunga. Alawiya hafungi, asema ni mguu.

Nataka unijibu jambo moja. Siku ile nilikuwa ndani, nimefunikwa leso, nimezungukwa na wanawake. Niliona mdomo wa Samah wasema "ameketi, ameketi". Nikangoja. Kisha nyumba nzima ikacheka, hata mimi nilihisi sakafu. Wanawake walianguka wakashikana. Mlango ukafunguliwa, Bassam akaingia na machozi ya kicheko, nami nikamuuliza, "Ameomba nini?" Akatafuta kikaratasi, hakukiona, akapunga mkono.

Tangu siku hiyo kila nimuulizaye hucheka kwanza, kisha hunitazama kwa huruma. Alawiya asema, "Muulize mwenyewe." Kesho yake mliondoka alfajiri, wewe na Stambuli, sikupata kukushika.

Na yana jioni Samah kanambia mafundi wameshachimba msingi Bofu.

Uliomba nini, Mahir?

Nyanyako


Bofu
12 Aprili 2025

Kwa Bi Mwanaima wa Fundi Bassam,

Assalaam alaykum na Idd Mubarak iliyochelewa. Nakushika miguu, na mkono wa Mzee Bassam pia naushika, mwandikie. Sisi huku wazima. Idd tulikula kwa ammi, biriani nzuri, nyama kidogo. Jumwa ameniletea sahani ya mahamri, akasema ni ya sinia. Barua yako imekaa nami mwezi mzima. Samah amekuja mara mbili kuuliza jibu, nikamwambia nafunga, siandiki. Si kweli kwamba kufunga kunazuia kuandika.

Haya. Tulipokuwa ndani ya basi kuja Lamu, ammi alininunulia maji, tukafika Witu. Hapo akaniambia, kama anayekutajia saa, kwamba godauni lilimwachisha kazi tangu Agosti. Alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni miezi miwili ili watoto wasijue, kisha akachoka kutembea. Akasema, "Ile ada ya mlangoni naijua. Mama kaniandikia na mimi." Nikamwambia, "Ammi, nitaomba kiwanja." Akasema, "Najua. Nami nitasema nimetoa." Kisha akalala, au alifumba macho tu.

Kwa hivyo nilikuja nimejipanga, nyanya. Kanzu nyeupe, isiyo na doa. Niliketi kizingitini, Mzee Bassam mbele yangu na kilemba chake, watu wamejaa ua mzima, wanawake juu darini. Ammi alisimama pembeni ya mlango amevaa joho la babu. Limemkaa kubwa. Alikuwa ameshaweka mikono yake hivi, mbele, kama mtu anayengoja sindano hospitali. Mtu mmoja akapiga kelele, "Haya mume mtu, sema unataka nini!"

Nikafungua mdomo. Kiwanja kilikuwa pale pale kwenye ulimi.

Nikasema, "Nataka ammi Stambuli anibebe mgongoni, anizungushe ua mzima mara tatu. Bila hivyo mke simtoi."

Ndicho nilichoomba.

Ammi alinitazama. Akasema, "Nimetoa," kwa sauti ndogo, wakamwambia arudie, akarudia kwa sauti kubwa. Akainama na joho lake. Nikampanda. Mimi nina kilo za mtu mzima, nyanya, na yeye ana tumbo. Mzunguko wa kwanza watu waliimba. Wa pili akaanza kuhema, vijana wakamhesabia hatua. Wa tatu alijikwaa penye birika la kutawadhia, tukashika ukuta wote wawili, nawe ndipo uliposikia sakafu. Mara ya mwisho kunibeba hivyo ilikuwa siku tuliyomzika baba. Hilo sikulisema pale, wala yeye hakulisema. Alinitua kizingitini, nikasogeza mguu, Mzee Bassam akapita.

Alfajiri aliniamsha tuwahi basi. Tulipovuka feri tu, akaninunulia viazi karai, akasema, "Wewe mzito."

Usinigombeze. Najua ulinitengenezea njia na mimi nimeipitia nikicheza. Mizaha niliifunga kitambaani kama ulivyosema, ikafunguka.

Wakubwa: Justus amechukua madume yote. Alikuja na gunia jipya. Usiulize. Majike nimebaki nayo, na Pipi amepanda daraja, siku hizi ndiye mama mwenye nyumba. Alizaa kumi la katikati la Ramadhani, baba yao Kapteni. Alijinyofoa manyoya ya kifua usiku kucha, akatandika kitanda mwenyewe. Watoto watano. Watatu vibete, wawili watakuwa kama mama yao. Hakufa hata mmoja. Nimengoja mwezi mzima kabla ya kukuandikia hilo, nisije nikaonekana nimerudia mchezo wangu. Njoo uhesabu, au mtume Samah, mato anayo. Quinter naye amesikia, amekuja kuwaona, amesimama mbali na waya.

Sasa ucheke kidogo. Mafundi walikuja kweli, na ramani, ammi amewalipa kwa kiinua mgongo chake kilichochelewa. Ramani ina vyumba vitano, kutoka ukutani mpaka tangi la maji, na banda langu liko katikati ya chumba cha tano. Nikaanza kufungua mbao mwenyewe, nisingoje kuambiwa. Ammi akaja na futi yake. Akapima. Akapima tena. Akawaambia mafundi waanze kuchimba kutoka ukutani na wasimame kwenye kigingi alichokipigilia yeye. Kigingi kiko hatua nyingi kabla ya banda. Fundi mkuu akamwambia, "Mzee, hapa vinaingia vinne tu." Ammi akamjibu kwa ukali, "Mimi nimepima, wewe chimba."

Kuta zimefika madirishani. Ni vinne. Mchana ammi huketi kivulini mwa banda akiwasimamia, mgongo ameugeuzia sungura, na chupa ya barafu ya Kapteni huipakata yeye.

Miaka yote ameshika futi, nyanya, na kupima hajui. Sikumwambia.

Mahir, aliyekuwa mumeo